Kiwavi wa Zinki: Kulifuata Katapila Kutoka Kibara

Gari langu la kwanza lilikuwa la mabua ya mtama. Nililitengeneza Kibara, nyuma ya nyumba, siku zile mtama umeshavunwa na mabua yamelala shambani yakisubiri kuchomwa moto. Unalibandua bua ganda lake gumu, unaukata ule moyo mweupe mlaini vipande vipande, halafu vibanzi vya ganda vinakuwa misumari ya kuunganishia. Kwa nusu siku mtoto anapata kichwa cha lori, bodi, ekseli mbili na magurudumu manne. Likinyeshewa limekwisha, mbuzi akilipitia, limekwisha vilevile. Sikuwa na habari kwamba huko duniani kuna watu wanaoyaweka magari ya watoto kwenye makabati ya vioo, wakayatunza miaka sabini, na wakajua kila moja lilitoka kiwandani lini na kwa rangi gani.

Leo mimi ni mmoja wa watu hao, japo kabati langu ni sanduku la bati lenye kufuli. Ndani yake kuna magari arobaini na ushee, karibu yote ya ujenzi: rola, tipa, vijiko, winchi, mashine za kukorogea zege. Aliyenitia kwenye kazi hii ni katapila. Nililikuta soko la Mlango Mmoja, Mwanza, juu ya turubai la muuza mitumba, limelala katikati ya rimoti za televisheni na vichwa vya wanasesere. Lilikuwa na urefu wa kidole gumba, lakini nilipolinyanyua nilishtuka kwa uzito wake. Rangi ya njano ilikuwa imebaki kwenye mifereji tu. Bledi ya mbele, lile bamba la kusukumia udongo, ilikuwa bado na madoa ya nyekundu. Minyororo yake, ambayo kiwandani huwa ya mpira, haikuwepo. Dereva alikuwa amekaa kwenye kiti, kamiminwa pamoja na gari, kofia kichwani. Nikaligeuza nikaona jina: Lesney, Uingereza.

Nililipa shilingi elfu moja. Njia nzima ya kurudi Kibara, kwenye basi, nilikuwa nimelishika mkononi nikijiuliza jambo moja tu: pacha wake, lile kubwa la tani nyingi, lilipita wapi katika nchi hii? Tangu siku hiyo, kila gari dogo ninalolipata nalitafutia lile kubwa. Mkusanyaji asiyejua mashine yake ya kweli ilifanya kazi gani, kwa maoni yangu, anakusanya rangi tu.

Nianzie hapa hapa nyumbani. Kibara, mkoani Mara, iko kwenye rasi, Ghuba ya Speke ikiwa upande wa kusini, njiani kuelekea Kisorya ambako watu wa Ukerewe huvukia. Ni nchi ya Wajita, na Wakerewe na Wasukuma wamo, nchi ya mihogo, mtama, samaki na pamba. Pamba ndiyo iliyotuletea malori. Msimu wa ununuzi ulipofunguliwa, katikati ya mwaka, malori yalikuja kuchukua pamba kwenye maghala ya vyama vya msingi na kuipeleka kwenye jineri. Sisi watoto tulilijua lori kwa sauti kabla vumbi lake halijaonekana. Wazee wetu walikuwa wamekua na Bedford na Albion za Mwingereza. Baadaye zikaja Isuzu za Mjapani, na Scania zilizounganishwa hapa hapa nchini katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Utingo alisimama nyuma juu ya pamba, kifua wazi, na hakuna mtoto ambaye hakutaka kuwa yeye.

Ndiyo maana gari la Lesney ninalolipenda kuliko yote baada ya katapila ni namba 51, Albion Chieftain, lililotoka mwaka 1958 likiwa limepakia mifuko ya saruji. Halina thamani kubwa sokoni, yapo mengi. Lakini pua yake, jinsi kioo kilivyokaa na jinsi bodi ilivyoinuka juu ya magurudumu, ni lori ambalo mzee mmoja jirani yetu aliliendesha ujana wake wote. Nilipompelekea, hakulitazama sana. Alilifumba mkononi, akafumba na macho.

"Shikamoo, babu. Unalikumbuka?"

"Marahaba. Gia yake ya pili ilikuwa ngumu, mjukuu wangu," akasema. "Ukiikosa mlimani, mnarudi wote na pamba yenu."

Hiyo ndiyo taarifa ambayo hakuna kijitabu cha wakusanyaji kilichowahi kunipa.

Sasa turudi kwa katapila, na kwa hili lazima tutoke Mara kwa muda. Mwaka 1947 mambo mawili yalianza, moja London na moja Tanganyika. Waliohusika hawakujuana, na sina shaka hawakuwahi kufikiriana.

La London lilikuwa dogo. Wanaume wawili waliotoka vitani, Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu ingawa walilingana jina la ukoo, waliunganisha pesa zao wakanunua mashine ya kumimina zinki. Jina la kampuni walilipata kwa kuunganisha majina yao ya kwanza: Les na ney. Karakana yao ya mwanzo ilikuwa baa kuukuu iliyoitwa Rifleman, eneo la Edmonton. Fundi wa kalibu, Jack Odell, akajiunga nao. Walikuwa wakitengeneza vipuri vya viwandani, na kazi zilipopungua wakajaribu vichezeo. Mwaka 1948 wakatoa kichezeo chao cha kwanza. Hawakuanza na gari la kifahari wala la mashindano. Walianza na rola la kushindilia barabara, mfano wa Aveling-Barford. Uingereza ilikuwa imebomolewa kwa mabomu na ilikuwa inajengwa upya. Mtoto aliyechungulia dirishani aliona rola, tipa na winchi. Kilichokuwa mtaani ndicho kilichokuja kuwekwa mkononi mwake.

La Tanganyika lilikuwa kubwa mno. Uingereza haikuwa na mafuta ya kula ya kutosha, na Frank Samuel wa United Africa Company alikuwa ametoa wazo kwamba nyika ya Afrika Mashariki ifyekwe ilimwe karanga. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, nao ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa katika nchi ya Wagogo, Urambo, na Nachingwea vikachaguliwa. Mwaka wa kwanza peke yake ulipangiwa ekari 150,000. Kwa jembe la mkono hilo lisingewezekana. Yalihitajika makatapila, tena kwa mamia, na viwanda havikuwa nayo ya kuuza, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inayagombania.

Basi wakayatafuta yaliyotumika. Jeshi la Marekani lilikuwa limeacha mashine nyingi Ufilipino baada ya vita, zimenyeshewa na kuliwa na chumvi ya bahari. Zikanunuliwa, zikapakiwa melini, zikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati. Miongoni mwake zilikuwa Caterpillar D7 na D8, na D8 ndiyo hii niliyo nayo mfukoni. Hazikutosha. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru kilichoundwa kwa ajili ya vita sasa kilikuwa kinapambana na kichaka cha Kongwa.

Kichaka kikakataa. Mizizi ya nyika ile ilikuwa imesukana chini kama mkeka, na mibuyu haikukubali kusukumwa. Nyuki waliojenga masega ndani ya mibuyu walitoka na kuwavamia madereva, ambao walikaa juu ya mashine wazi, bila kibanda. Mafundi walibuni njia: matrekta mawili yalifungwa mnyororo wa nanga ya meli katikati, yakaenda sambamba, na mnyororo ukalaza kila kilichosimama kati yao. Njia hiyo ilifanya kazi. Lakini udongo wenyewe, uliojaa mchanga mkali, ulisaga majembe na minyororo ya magurudumu, na kiangazi kilipoingia uligeuka kuwa kama sakafu. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya yale makatapila ya Ufilipino ilikuwa imelala bila vipuri. Ekari zilizopandwa mwaka huo hazikufika 10,000. Januari 1951 mpango ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji.

Mara nyingi habari ya Kongwa huandikwa kama kisa cha wazungu na hesabu zao. Mimi nikilitazama katapila langu nawaona wengine: vijana wa Kigogo na wa makabila mengine waliofundishwa palepale kuiendesha D8, mtu ambaye mwaka juzi hakuwahi kushika usukani, leo anavuta wenzo na mti unaanguka. Mpango ulikufa, ujuzi haukufa nao. Lugha pia ilikwishaipokea mashine. Kwetu trekta ni tingatinga, neno linalosikika kama mlio, kana kwamba aliyelitunga alilisikia kabla ya kuliona. Katapila lilibaki na jina la kampuni yake, na wachache wanajua kwamba kwa Kiingereza jina hilo ni la mdudu: kiwavi. Kampuni yenyewe iliundwa mwaka 1925, pale Holt na Best, washindani wawili wa California, walipoungana. Mwanzoni mashine zao zilikuwa za kijivu. Ile njano ambayo mtoto yeyote wa Kibara atakutajia ilianza kupakwa mwaka 1931, ili zionekane kwa mbali barabarani.

Na yule dereva mdogo wa zinki? Odell ndiye aliyeleta wazo la udogo. Binti yake alikuwa akisoma shule iliyoruhusu watoto waje tu na kichezeo kinachoenea ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea rola la shaba dogo kabisa, akalipaka kijani na nyekundu. Mwenzake wa kike akalitamani, na mwenzake mwingine. Mwaka 1953 Lesney wakaanza kuuza magari yaliyofungwa ndani ya visanduku mfano wa viberiti, yakaitwa Matchbox. Namba 1 ilikuwa rola. Namba 2 ilikuwa tipa ya Muir-Hill, mashine ya Manchester iliyojengwa kwa injini ya trekta la Fordson, ndoo ikakaa mbele ya dereva. Namba 3 ilikuwa mashine ya kukorogea zege. Tatu za mwanzo, zote za ujenzi! Katapila namba 18 likafuata katikati ya miaka ya 1950, miaka michache tu baada ya mizoga ya wakubwa wake kuachwa Kongwa. Mtoto wa London alilisukuma kwenye zulia bila kujua nyuki wa mibuyu.

Baada ya kujua hayo, nikaingia barabarani kuyatafuta makubwa yaliyobaki. Nilitaka kuifuata njia ambayo malori ya pamba yaliifuata: Kibara, Bulamba, Bunda, kisha Kiabakari na Musoma. Utotoni mwangu kipande cha Bulamba hadi Kisorya, kilomita 51, kilikuwa cha changarawe. Masika ilikuwa matope, kiangazi vumbi jekundu lililokaa juu ya mihogo mpaka majani yakafanana na ngozi. Greda lilipita mara chache, na siku lilipopita hatukwenda popote. Tulikaa kwenye kingo tukaangalia jinsi bledi ilivyoinamishwa, udongo ukajikunja na kutoka pembeni kama chapati inayoviringishwa. Jioni yake magreda ishirini ya matope yalikuwa yanakauka ukutani. Anayedhani mtoto huiga kwa kubahatisha, awaulize watoto wale gurudumu la mbele la greda huinamia upande gani linapokata mtaro.

Lami ilipoanza kujengwa kipande hicho, mitambo ilikuja ya kila aina, na kizazi kingine cha watoto kikakaa kwenye kingo zilezile. Mashine zao si zangu. Wao wanaijua Howo, tipa la Kichina, kwa mlio wa breki zake. Wanajua tofauti ya kijiko na eskaveta. Bowsa la maji wanalikimbilia wakaoge. Kampuni ya Shantui, ambayo mabuldoza yake yanafanya kazi Afrika nzima siku hizi, ilijifunza kwa leseni ya Komatsu wa Japani, na Komatsu naye alitumia miaka mingi kumfukuzia Caterpillar. Kwa hiyo hata buldoza jipya la Kichina, ukilitazama kwa makini, lina damu ya yule kiwavi. Mkusanyaji wa miaka hamsini ijayo atakuwa anatafuta Howo ya kuchezea ya leo, na ni hawa watoto watakaoweza kumwambia kama imekosewa.

Kwenye ncha ya barabara hiyo, Kisorya, kivuko kinachovusha watu na magari kwenda Rugezi kinaitwa MV Ujenzi. Nilisimama nikakitazama kikipakia lori la saruji, na katapila lilikuwa mfukoni. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Bunda nilipita haraka, kwa kuwa mji unakua upesi na yadi za zamani nilizoelekezwa zilikwisha kuwa maduka. Kiabakari nilikaa zaidi. Leo wengi wanapajua kwa hija ya Huruma ya Mungu, lakini kwa miongo kadhaa hapa palikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu, uliofungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo bado wanauchokonoa mwamba wa eneo hili. Niliwauliza kama kuna chuma chochote cha zamani, wakanionyesha kipande cha reli nyembamba kilichogeuzwa nguzo ya zizi. Chuma kizuri huwa hakiachwi kilale. Mashine ya zamani Tanzania haifi kwa kutu. Inakatwakatwa, inakuwa panga, jiko la mkaa, au lango la mtu. Ni sababu mojawapo inayofanya mapacha wa kweli wa magari yangu wawe adimu kuliko magari yenyewe. Chuma cha tani kumi na saba kimeyeyushwa, na mfano wake wa zinki wenye uzito wa yai umebaki.

Kutoka hapo nilichepuka Butiama, kwa heshima tu, nikasimama kwenye kaburi la Mwalimu. Katika miaka ya uongozi wake nchi ilijaribu kumiliki mitambo yake yenyewe. Kampuni ya umma ya MECCO ilijenga barabara na mafundi wengi wa greda wa umri wa babu yangu walilelewa huko au kwenye karakana za serikali. Wanazitamka herufi PWD, ile idara ya ujenzi ya mkoloni, na MECCO kwa pumzi moja, kama shule ya msingi na sekondari.

Mzee mmoja wa aina hiyo ndiye aliyenielekeza Musoma. Alinitajia uzio wa mabati si mbali na ziwa, nyuma ya karakana ya kuchomelea, na akaniambia niulize "lile la farasi." Sikumwelewa. Nilifika, nikaamkia, nikaeleza shida yangu kwa kuwatolea magari madogo mezani, jambo ambalo hufungua mlango wowote. Kijana mmoja akaacha kuchomelea akanipeleka nyuma. Katikati ya magugu lilikuwepo rola. Gurudumu la mbele lilikuwa limezama ardhini robo yake, injini ilishachukuliwa, kiti kilibaki fremu. Mbele, juu ya shingo, palikuwa na bamba lenye farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma.

Nilipiga magoti. Farasi huyo ni alama ya Kent, jimbo la Uingereza ambako Thomas Aveling alianza kutengeneza marola ya mvuke katika karne ya 19. Kampuni yake iliungana na Barford mwaka 1934 ikahamia Grantham, ikawa Aveling-Barford, na farasi akaenda nayo. Marola yao yalisambazwa kila koloni la Mwingereza. Hii ndiyo mashine ambayo Lesney walianza nayo mwaka 1948. Ndiyo rola la binti wa Odell. Ndiyo namba 1. Nilitoa langu, kijani limechubuka, gurudumu jekundu, nikaliweka juu ya gurudumu la lile kubwa. Pau za pembeni zinazoshika gurudumu la mbele zilikuwa zilezile. Jinsi shingo inavyoinuka na kupinda, ileile. Fundi wa kalibu wa London hakudanganya chochote isipokuwa ukubwa.

"Hili lilishindilia barabara gani?" nikamuuliza kijana.

"Wazee wanasema zote," akajibu, akarudi kazini.

Niliwaomba wenye karakana wasilikate. Hawakuniahidi, na siwezi kuwalaumu. Kilo ya chuma chakavu ina bei, na watoto wao wanakula. Nililipiga picha kila upande, nikapima kwa utepe, nikaandika. Kama kuna mwenye dhamana ya kumbukumbu mkoani humu anayesoma makala haya, namsihi kwa moyo wote alifikie rola hilo kabla ya gesi ya kukatia.

Niseme kidogo juu ya kazi yenyewe ya kukusanya, maana nimeulizwa sana. Sumaku ya spika mbovu ya redio ndiyo chombo changu cha kwanza. Zinki haishikwi na sumaku. Gari likinasa, ni la bati. Ekseli tu ndizo za chuma, na hapa ziwani unyevu unazila, kwa hiyo nazipaka mafuta kidogo kwa unyoya wa kuku. Magari ya kabla ya vita vya pili yana ugonjwa wake: zinki iliyochanganyika na risasi hata kidogo tu huanza kupasuka kutoka ndani, nyufa zikatambaa, na siku moja unafungua sanduku unakuta unga na vipande. Hakuna dawa. Ya Lesney na ya Dinky, wale wa Liverpool, ya miaka ya 1950, mengi ni mazima kwa sababu wakati huo viwanda vilikwisha kujifunza kuisafisha zinki. Wakusanyaji wa Ulaya huthamini kisanduku kuliko gari, na gari lililopakwa rangi upya kwao limeharibika. Kisanduku sina hata kimoja. Magari yangu yote yamechezewa, yana alama za meno.

Katika jambo moja natofautiana nao kabisa. Katika makabati yao kuna nafasi ya Dinky, Lesney, Corgi, Tomica ya Japani, na mifano mikubwa ya Wajerumani wa Nuremberg. Gari la waya la mtoto wa Kiafrika, lile ambalo Malawi huliita galimoto, limepata nafasi kwenye majumba ya sanaa kama pambo. Sioni mtu akiliweka pale linapostahili, pembeni ya Lesney, kama mfano wa mashine uliotengenezwa na fundi aliyeisoma mashine. Odell alikuwa na michoro na kalibu ya chuma. Mtoto wa Kibara alikuwa na kopo la Blue Band, soli ya ndala na macho yake. Nimeanza kuyakusanya pia, na ni magumu kuyapata kuliko chochote cha London, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyafungia kwenye kisanduku. Nina greda moja la waya ambalo bledi yake huzunguka kwa kuvuta kamba. Nina tipa la kopo la mafuta ya kupikia, bodi linanyanyuka kwa bomba la sindano lililojazwa maji. Mtoto aliyelibuni hilo bomba hakufundishwa haidroli na mtu yeyote. Alitazama Howo ikimwaga kifusi, akaona kinachonyanyuka ni nini.

Niliporudi Kibara kutoka Musoma nilikaa kibarazani nikayapanga magari juu ya mkeka kuyafuta vumbi la safari. Mtoto wa jirani, wa darasa la nne hivi, akaja akachuchumaa. Hakugusa kitu mpaka nilipomruhusu. Akaliacha rola, akaziacha tipa, akachukua katapila.

"Huyu dereva hana paa," akasema. "Jua halimuumizi?"

Nikamweleza habari ya Kongwa, na nyuki.

Akalisukuma juu ya mkeka. Lilijikwaa, kwa kuwa bila minyororo linatembelea vigurudumu vitupu. Akalisukuma tena, akalirudisha, akaondoka bila kuaga. Nikadhani amelichoka. Aliporudi alikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, wembe, na uzi wa kushonea nyavu aliouomba kwa baba yake.

Najua mkusanyaji yeyote wa Uingereza angenizuia. Nilimwachia. Alipima kwa kuuzungushia mpira kwenye vigurudumu, akakata ukanda mwembamba kuliko kamba ya kiatu, akashona ncha mbili kwa fundo lile wanalotumia wavuvi kuziba nyavu. Kisha wa pili. Akalivisha, akaliweka kwenye udongo wenye majimaji kando ya mtungi, akalisukuma. Likaenda, bledi ikakusanya tope mbele yake.

Lipo sandukuni hivyo hivyo mpaka leo. Mnyororo wa kushoto umelegea kidogo. Ameniambia likizo ijayo ataukaza.